Miezi Miwili Bila Kupima Taa

Verna Hietpas alitengeneza mabamba ya kuchapia mifuko ya jibini kwa miaka kumi na tisa, katika kiwanda kimoja cha Little Chute, Wisconsin. Mimi nilikuwa nikiikata mifuko hiyo, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Bamba ni plastiki laini. Leza huchora picha kwenye ngozi yake nyeusi, taa za zambarau hugandisha vitone vya picha hiyo, na palipobaki laini huoshwa. Taa huchakaa kimyakimya, kwa hiyo kila mwezi zilipaswa kupimwa.

Mwezi Februari, ng'ombe waliochapwa kwenye mifuko wakaanza kutoka na mabaka meupe usoni. Msimamizi akamgeukia mchapaji, Gordy Wachowiak, mume wa Colleen, dada yake Verna. Colleen tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla.

"Unakandamiza mno, Gordy. Vitone vinakatika."

"Nani, mimi? Muulize shemeji anatupikia nini humo ndani."

Verna akachomoza kichwa. "Mabamba yangu hayana neno. Labda huo mkono wako, mzito kama wa dubu!"

Tukacheka, hata Gordy. Ijumaa akapelekwa ghalani kupanga maboksi, na mtambo akapewa mtu mwingine.

Jumatatu mabaka yalikuwa palepale. Verna akajifungia. Alichukua kipande cha bamba, akakimulika sehemu kwa sehemu: dakika nane, kumi, kumi na mbili, hadi ishirini. Akakiosha, akakikausha, akakiinamia na lenzi. Kwenye dakika kumi na mbili, muda aliouzoea, vitone vidogo vilikuwa vimelala, vingine havipo kabisa. Vilianza kusimama kwenye kumi na sita.

Akafungua daftari. Desemba: zimepimwa. Januari: zimepimwa. Mwandiko ulikuwa wake, lakini hakuwa amepima. Miezi ile alitoka mapema kila siku kwenda kumuuguza Colleen.

Alimweleza msimamizi, akapewa barua ya onyo. Kisha akaenda ghalani.

"Gordy, nimekukosea. Taa zilikuwa zimechoka, nami niliandika uongo. Desemba na Januari."

Gordy aliweka chini boksi alilokuwa ameshika.

"Ulikuwa unafika kwake saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Alikuwa anasema nini?"

"Anakuulizia. Namwambia uko zamu ya ziada."

"Hakuna aliyenilazimisha zamu ya ziada, shemeji. Niliziomba mwenyewe. Nilishindwa kumwona akiisha vile." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningekaa naye mimi, wewe ungepima taa zako."

"Rudi basi mtamboni kwako. Msimamizi kakubali."

"Sirudi. Nikisimama pale nitakuwa namkimbia tena."

Verna alinisimulia haya mchana, mkate wake haujaguswa. "Nilienda tayari kutukanwa," alisema. "Angenitukana, ningepumua."

Aprili Gordy alihamia kwa kaka yake, mjini Ashland. Siku ya kuondoka yeye na Verna walikunja nguo za Colleen pamoja. Gordy alibakiza sweta moja ya kijani, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake, akaondoka.