Chupa ya Pili

Leo nimemwambia mama wa watu kwamba atakatwa shingo tena.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi niko maabara hapa Nakuru. Huyu mama ni wa Karagita, anafanya kazi ya maua. Amemeza dawa za TB miezi mingi na uvimbe wa shingo bado uko. Jana akakatwa kipande, kikagawanywa chupa mbili.

Ya kwanza huwa na formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, tuangalie kwa darubini. Ya pili huwa na maji ya chumvi tu, tuoteshe vijidudu, tujue ni dawa gani itawaua. Hiyo ya pili ndiyo alikuwa anaihitaji.

Asubuhi naifungua, harufu inanipiga puani. Formalini!

Formalini huua kila kitu. Hapo hakuna kitu kitaota.

Nikawaka. Nikampigia simu nesi wa tiata, kule kwa upasuaji, wenzangu wote wakisikia. "Nani alikwambia uweke zote formalini?"

Akanijibu: "Si ni wewe? Ulisema zitalala hadi asubuhi, niweke zote zisioze."

Nikakumbuka. Jana jioni nilimjibu haraka, nimeshavaa jaketi, naenda nyumbani.

Nikaenda kwa mama mwenyewe. Nikamwambia sampuli "imeharibika". Sikusema nani aliiharibu.

Akashika bandeji yake. "Ni sawa, daktari. Hata nyinyi mnachoka."

Halafu akafunga macho, akaniombea. Kwa jina langu, alilolisoma kwa beji yangu.

Saa hii ako hapo nje kwa benchi, anangoja kuitwa tiata.

Nyinyi mngemwambia?