Siku Babu Kombo Alipofutwa

Juzi, kwenye meza ya vitu vikuukuu hapa Sharpstown, mtaa wetu wa Houston, Marekani, niliokota postikadi ya zamani ya jiji hili. Barabara ilikuwa safi, haina mtu wala waya. Nikajisemea, hapa kuna watu wamefutwa.

Kule Tanga baba yangu alikuwa akitia rangi picha za postikadi kabla hazijapelekwa kuchapwa. Chumba chake kilinuka mafuta ya taa. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilimwona akimpaka Babu Kombo, fundi viatu jirani yetu aliyetokea pichani, rangi ileile ya ukuta wa nyuma yake mpaka akapotea. Niliamini anayefutwa pichani hufutika na duniani, nikatoka mbio nikilia. Babu Kombo alikuwa barazani kwake, anagonga misumari.

"Babu, Baba amekufuta!"

Alijipapasa uso. "Mwambie anirudishe, mjukuu wangu. Viatu vya watu sijamaliza."

Nikampelekea Baba ujumbe. Hakucheka. Alichovya pamba kwenye mafuta, akaipangusa ile rangi mbichi taratibu, na Babu Kombo akaibuka: kwanza nyundo, kisha mkono, kisha uso.

Leo najua kadi ile ingeuzika zaidi bila yeye. Ila alipofariki, wanawe walitafuta picha yake nyumba nzima, wasipate nyingine ila ile postikadi.