Nyama ya Bure Uwanja wa Boma

Juzi wajukuu wangu wawili walirudi kutoka Sabasaba wakigombana hadi mate yanawaruka. Huyu anasema pembea za upande huu ndizo bora, foleni fupi na bei nafuu. Yule anasema za upande wa pili, hata kama kiingilio kinauma na watu wamejaa kama siafu. Kisha wakanigeukia mimi: "Eti bibi, enzi zenu mlikuwa na viwanja vya michezo?" Nilicheka nusura nipaliwe na ugoro. Shikeni adabu zenu, niliwaambia, sisi tulikuwa navyo viwili hapahapa Dodoma, tena vikigombea watu kama wake wenza wanavyogombea mume. Hawakuwa na subira ya kusikiliza. Basi nakusimulia wewe, ndugu yangu, maana wewe angalau umekaa.

Hayo yalikuwa ya wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, reli imefika si zamani. Karibu na stesheni alikuwapo Mgiriki mmoja aliyekuja na wajenzi wa reli, na wajenzi walipoendelea mbele yeye akabaki. Alitengeneza gurudumu kubwa la mbao lenye masanduku manne. Unaingia ndani ya sanduku, vijana wenye vifua wanalisukuma, unapanda juu mpaka unayaona mapaa ya tembe zote, halafu unashuka tumbo likibaki angani. Mwenyewe alikuwa akipiga kinanda cha mkono, na Mhindi akikaanga bajia pembeni. Harufu ile, we acha tu! Mtoto alilipa hela moja, mkubwa mbili, na ukitapika unafuta mwenyewe. Siku za watu wengi ulisimama juani mpaka miguu ikafa ganzi, na wakati mwingine gurudumu lilikwama mzee wa watu akaachwa kule juu akiita mama yake.

Kiwanja cha pili kilikuwa cha Boma, na hicho kilifunguliwa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya kuzaliwa Kaizari. Kuingia bure. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa Januari, palizi imetushika shingoni, majani yanameza mtama, lakini akida wa Boma alipita nyumba hadi nyumba: asiyekuja kufurahi atakula kiboko. Basi tulikwenda kufurahi. Unasimama, unamsikiliza Mzungu wa Boma akihutubia kwa lugha yake, akida anatafsiri kwa ufupi wa ajabu, halafu michezo. Wazee wanakimbizwa ndani ya magunia. Watoto wanachovya vichwa kwenye beseni la unga kutafuta hela kwa meno. Wazungu wamekaa kivulini, wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Jirani yetu, Mrangi wa Kondoa aliyeuza tumbaku na kufuga mbuzi wachache, alikuwa hodari wa kupima mambo hayo. Alisema: "Kwa Mgiriki unalipa ili ucheke. Boma hulipi, kwa sababu wa kuchekwa ni wewe." Watu walimwambia anyamaze kabla hajasikiwa.

Mwaka uliotangulia huu ninaotaka kukusimulia, Boma ilipata aibu. Katikati ya hotuba watu walianza kuteleza mmoja mmoja kwenda stesheni, mpaka Mzungu akabaki anawahutubia askari na mbuzi. Akida alitukanwa mbele za watu. Ndiyo maana mwaka uliofuata akaapa kwamba hakuna mtu atakayeondoka uwanjani. Alisimika mlingoti mrefu uliolainishwa kwa randa na kupakwa mafuta toka chini hadi juu, akafunga bendera kileleni, na chini yake akafunga zawadi: ng'ombe wa maziwa. Atakayeishika bendera, ng'ombe wake.

Ng'ombe huyo alikuwa wetu.

Mama alikuwa amefariki kiangazi, siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu. Alichoweka baba kwa ajili ya kodi kiliishia matangani, na askari walipokuja wakakuta hakuna kitu, wakamfungua ng'ombe. Ndama wakamwacha, eti atawachelewesha njiani. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imepita zizi kwa zizi, na maziwa yalikuwa adimu kuliko chumvi. Mrangi alituletea ya mbuzi alipokuwa nayo. Asipokuwa nayo, bibi, mama yake baba, alimpa mtoto uji mwepesi wa uwele, na uji ule ulimpita kama ulivyoingia. Mtoto analia ndani, ndama analia nje. Nyumba yetu ilikuwa hivyo.

Kwa hiyo tuliposikia habari ya mlingoti, tulimshukuru Mungu. Baba alikuwa mrina asali. Mibuyu ambayo wenzake waliitazama tu, yeye alipanda na kifurushi cha moto kiunoni. Siri yake ilikuwa majivu. Alijipaka viganjani, mapajani, kifuani, mpaka anafanana na mzuka, na hapo hakuna kilichomponyoka.

Asubuhi ya sikukuu akamwambia bibi, "Mama, nipe majivu."

Kwetu sisi Wagogo wa siku zile, ndugu yangu, mwili mkavu ulikuwa mwili wa msiba. Aliyefiwa hakujipaka mafuta. Alikaa na vumbi lake mpaka matanga yaishe, ndipo wakubwa walimpaka mafuta na udongo mwekundu, akarudi kwa watu. Baba alikuwa amepakwa mwezi uleule.

"Majivu ya nini?" bibi akauliza. "Juzi tu nimekupaka mafuta kwa mkono wangu huu. Ukijikausha tena unamlilia nani? Humu ndani aliyebaki wa kufa ni nani, mimi au huyu mchanga?"

"Mama, mti wenyewe hauna magome. Mafuta juu ya mafuta hayashikani."

"Basi usipande."

"Na maziwa?"

Bibi alichukua kibuyu cha samli, akamsimamisha baba mlangoni, akampaka mwenyewe toka utosini mpaka nyayo, kama bwana harusi. Baba alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, lakini radhi ni radhi. Alisimama akapakwa.

Uwanja ulifurika. Na kila mwanamume aliyekuja alikuja aking'aa, kwa sababu nani huenda sikukuuni mkavu? Akida alilijua hilo vizuri sana, yule mbwa. Kila aliyepanda alipangusa mafuta ya Boma akaacha ya kwake. Kijana mmoja aliteleza akavunjika mfupa wa bega, na kelele zake zikaongeza vicheko. Baba alingoja karibu wa mwisho, akidhani wengine watakuwa wameukausha mti. Loh! Ulikuwa unateleza kuliko ulivyoanza.

Alipanda hata hivyo. Alipanda kwa kucha, kwa magoti, kwa kidevu. Bibi, mtoto mgongoni, alikuwa ameniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Baba alifika mahali pa kuigusa bendera kwa ncha za vidole, nami niliiona ikitikisika. Kisha akaanza kurudi, kwanza taratibu, halafu kwa kasi, akatua kwa nyonga. Kishindo chake kilisikika uwanja mzima.

Ng'ombe alimjua. Alinyoosha shingo, akavuta kamba, akamlamba goti. Hapo ndipo watu walipocheka kweli! Mzungu alipiga makofi na kusema afanye tena, arudie, lakini baba hakuweza kusimama.

"Mcheza kwao hutunzwa," akida akatangaza, na watu wakacheka upya.

Mchana, habari zikaja kwamba Mgiriki anapandisha watoto bure kutwa nzima. Watu wakaanza kutoroka kama mwaka uliopita, wa nyuma kwanza. Mzungu akamtazama akida, akida akatokwa jasho. Bendera ilikuwa bado iko juu, ng'ombe hana mwenyewe. Akawaita askari wawili wenye visu, akapanda juu ya meza akapaza sauti: "Nyama! Nyama ya bure!"

Njaa ya Januari waijua? Ghala tupu, mtama mpya bado majani. Watu walirudi mbio wakikanyagana, hata waliokuwa wameshafika stesheni. Nilisikia masanduku ya Mgiriki yalibaki yananing'inia matupu na kinanda kikalia peke yake. Kila kaya iligawiwa fungu, na sisi pia tukapewa letu, juu ya jani, bado lina joto.

Nilikuwa na njaa. Nilimtazama bibi. Alikata kipande akanitia mdomoni kwa vidole vyake.

"Kula," akasema. "Ya kwenu hiyo."

Ilikuwa nono. Baba aligeuza uso.

Mdogo wangu hakufika mavuno. Hatukumwekea matanga, alikuwa hajaota meno, na kwetu asiye na meno alizikwa na wanawake kimyakimya. Baba alichechemea maisha yake yote, asali akawaachia wengine. Hakumwambia bibi neno hata moja juu ya majivu. Bora angemtukana.

Vita ilipokuja, gurudumu la Mgiriki lilichanjwa likawa kuni za askari, na mwenyewe sijui alipotelea wapi. Mlingoti nao ulikwenda na wenyewe. Leo pale pana maduka, na watu wanauza ndala na redio. Wa rika langu tumebaki wachache, lakini ukiwauliza kiwanja kipi kilikuwa bora, hawasiti: Boma, mwaka ule wa nyama. Wanasema huku wakimeza mate, masikini, na mimi huitikia tu. Mdogo wangu leo angekuwa mzee mwenye mvi, mbishi kama baba. Maziwa yake ya mwaka mzima waliyala mchana mmoja, wakalamba vidole, wakaenda kwao.