Nilimnyima Baba Mkwe Macho Ili Nipate Katuni ya Kesho

Jamani, nimekosa. Sitafuti wa kunitetea, maana hata mwenyewe nikijaribu kujitetea nashindwa kumaliza sentensi. Nisikilizeni tu, mnicheke mkitaka, kisha mjifunze. Jina nalificha kwa sababu Tarime ni ndogo na wakwe zangu ni wengi.

Mimi ni mchora katuni. Kazi yangu ni kuchekesha watu kila siku kwenye kisanduku kidogo cha gazeti moja la Dar, gazeti ambalo huku kwetu hufika limeshachoka na safari. Nachorea nyumbani, Nyamisangura, napiga picha kwa simu, namtumia mhariri kabla ya saa nane mchana. Mhariri wangu hana maneno mengi. Katuni ikimchekesha anajibu, "Poa." Isipomchekesha anajibu, "Mh."

Nyie wasomaji mnadhani vichekesho vinaota kama magugu! Cha kwanza ni rahisi. Cha pili unakidokoa kwa jirani. Baada ya hapo umeshachora rushwa, umeshachora umeme kukatika, umeshachora bosi na kitambi chake, na kesho gazeti linataka kingine, tena kipya. Siku moja nilimsimulia Chacha, kinyozi wetu, kichekesho nilichokihangaikia tangu alfajiri. Akaniangalia na mashine yake mkononi, akaniuliza, "Enhe, halafu ikawaje?"

Ilikuwa imeisha.

Basi nikaanza kula "Mh" mfululizo. Nilikuwa nakaa mezani nimeshika kichwa, naomba Mungu jirani ateleze kwenye tope nipate cha kuchora. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo baba mkwe alipobisha hodi.

Mke wangu nitamwita Bhoke. Si jina lake, ila hapa Tarime ukiita "Bhoke!" sokoni watageuka wanawake wengi na hamtajua yupi ni wangu. Baba yake anaishi Busawe, kule Serengeti, ni mkulima. Alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anaona vivuli tu. Alikuja na koti lake refu, kofia, na kigoda chake mwenyewe, maana makochi hayaamini. "Kiti gani hiki kinameza mtu?" alisema siku ya kwanza, na hakulikalia kochi tena. Bhoke humwita tata, ndiyo baba kwa Kikurya, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kwetu mkwe ni mtu mzito. Mbele yake huropoki, na hata kucheka unacheka kwa adabu. Ningekuwa mwalimu wa kuletwa kutoka mkoa mwingine ningesema sikujua. Nilijua! Nimezaliwa hapahapa.

Tata hakutaka macho ili aangalie televisheni. Alitaka kumwona Waziri. Waziri alikuwa maksai wake, amelima naye miaka mingi, na alipewa jina hilo kwa sababu tangu ujana wake alitembea kwa madaha akiangalia watu pembeni huku jembe linavutwa na mwenzake. Sasa alikuwa amezeeka, hafungwi nira tena.

"Nataka nimwone kabla hajaenda," tata alituambia. "Sauti yake ninayo. Sura ndiyo imeanza kunipotea."

Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Huruma yangu ilidumu hadi asubuhi.

Asubuhi hiyo tata alitoka nje na fimbo yake. Uani tuna tanki jeusi la maji. Akasimama mbele yake, akasubiri kidogo, kisha akafoka, "Wewe kijana! Mzee anapita hata husalimii?" Tanki kimya. "Watoto wa mjini!" akasema, akaenda zake.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikaingia ndani, nikachora. Mzee, koti, kofia, tanki. Mhariri akajibu, "Hahaha! Huyu mzee ni nani? Lete tena." Kwa mtu wa "Poa" na "Mh", hiyo ilikuwa hotuba.

Nikaleta tena. Tata alimkaribisha mbuzi ndani anywe chai, nikachora. Alilikemea pazia kwa kusikiliza mazungumzo ya watu wazima, nikachora. Nikawa namfuata baba mkwe uani kama kuku anayefuata mwenye mtama. Wasomaji wakampenda mzee yule. Chacha akaanza kukata katuni zake na kuzibandika ukutani, pale kwenye kioo chake cha kunyolea.

Bhoke alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka.

"Baba Marwa, imetosha. Huyo ni tata."

"Ni mzee wa katuni tu, hata jina hana."

"Ana koti lake. Ana kigoda chake. Watu si wajinga."

Kweli hawakuwa wajinga. Tata akipita mtaani walimwamkia kwa sauti, shikamoo mzee, shikamoo mzee, huku wanabana vicheko. Jioni akarudi amefurahi. "Watu wa mji huu wana heshima," alimwambia Bhoke. "Wananiamkia huku wanacheka." Bhoke akaniangalia. Mimi nikainamia kikombe changu cha chai.

Ingeishia hapo ningeitwa mkosa adabu, nikatoa mbuzi wa faini, yakaisha. Haikuishia hapo.

Kambi ya madaktari wa macho ilitangazwa. Hao huja hospitali, wakakaa siku chache, wakaondoka, na ukiwakosa unasubiri hadi warudi. Bhoke anauza vitenge, na siku ile alikuwa na mzigo wa kufuata mpakani, Sirari. Akaniachia kazi moja tu: mpeleke tata.

Nilipoamka tata alikuwa ameshaoga. Amevaa koti, kofia kichwani, kigoda mkononi, amesimama mlangoni anasubiri. Mezani kwangu kulikuwa na karatasi nyeupe, haina hata nukta. Nikawaza: akipona leo, kesho nachora nini? Tanki litakuwa tanki. Mbuzi atakuwa mbuzi.

Yaani wazo hilo lilinijia, na badala ya kulifukuza nikalikaribisha likae!

"Tata," nikasema, "kambi imeahirishwa. Madaktari hawajafika."

"Basi," akasema. "Madaktari nao ni watu." Akaanza kuvua koti, kifungo kimoja kimoja, kwa kupapasa.

Bhoke aliporudi nikamwambia hivyo hivyo. Aliniamini. Na katuni ya siku hiyo? Mzee amevaa koti, anaagana na mlango. Mhariri alijibu, "Poa sana."

Mvua zikaja, watu wakalima, tata bado yuko kwetu anasubiri kambi nyingine. Siku moja simu ikapigwa kutoka Busawe. Bhoke akaiweka sikioni mwa baba yake. Tata alisikiliza, kisha akauliza, "Ameangukia zizini au porini?" Wakamjibu. "Zizini. Afadhali," akasema. Akarudisha simu, akakaa kwenye kigoda chake, akaugeukia ukuta.

Waziri alikuwa amekufa.

Mnajua nilifanya nini? Nilichora! Nilichora mzee amefiwa na maksai anayeitwa Waziri, na gari la serikali limefika na shada la maua. Ilichekesha kuliko zote nilizowahi kuchora. Watu walitumiana kwenye simu hadi ikanirudia mimi mwenyewe, nimetumiwa na mtu asiyejua kama ni yangu. Nikajiona nimefika! Tata alikuwa bado ameugeukia ukuta.

Kambi iliporudi, Bhoke hakusafiri. Alimpeleka mwenyewe, mimi nikabeba kigoda. Wakamtibu jicho moja, la pili wakasema watalifanya safari nyingine. Kesho yake tukarudi kufunguliwa bandeji. Nesi alikuwa dada mmoja mcheshi, mtu wa Songea.

"Mzee," alisema huku anafungua, "safari ile tulikuita sana. Ulikuwa umeshaandikishwa, mbona hukuja?"

"Si mliahirisha?" tata akauliza. "Niliambiwa madaktari hawakufika."

"Tulifika, mzee wangu. Mbona tulikaa hapa wiki nzima!"

Bhoke alikuwa anamfunga baba yake vifungo vya koti. Hakuniangalia. Aliendelea kufunga, na alipofika cha mwisho akarudi kukifungua akakifunga upya. Aliyeniangalia ni tata. Aliniangalia kwa jicho lake jipya, kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe umenenepa, mkwe," akasema.

Nikaitikia, "Ndiyo, tata." Ningemwambia nimenenepa kwa mgongo wa nani?

Akataka anyolewe ndevu kabla ya kurudi nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke, maana kinyozi wa karibu ni Chacha. Chacha hakuwa na ubaya wowote, maskini. Alipomwona tu alishangilia, "Mura, kijana wewe! Mzee ameona! Njoo ujione, mzee wetu, umejaa ukuta mzima!"

Tata akasimama mbele ya ukuta. Akatazama ya tanki. Akatazama ya mbuzi, ya pazia, ya mlango. Alitazama kila moja taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Wateja wakamsubiri acheke. Na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na aibu yote ile nilikuwa nasubiri acheke! Ugonjwa huo sijui hutibiwa kambi gani.

Akafika kwa Waziri. Akamgusa kwa kidole.

"Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama," akasema.

Kisha akageuka, akakaa kwenye kigoda chake katikati ya saluni.

"Huyu mzee hachekeshi," alisema. "Huyu mzee haoni. Watu wote hawa wanaomcheka, amekosekana hata mmoja wa kumpeleka hospitali?"

Chacha alizima redio.

Siku hiyohiyo Bhoke alifunga mizigo, akaondoka na baba yake na watoto kwenda Busawe. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilikwenda kuomba radhi pamoja na baba zangu wadogo, tukiwa na mbuzi. Wazee wakakaa, wakasema yao. Tata akasimama akaninyooshea mkono. "Mimi nimekusamehe, mkwe," akasema. "Ila Waziri hajui kusamehe, ameshakufa." Wazee wakacheka hadi wakafuta machozi. Ndiyo, tata anachekesha, tena kuliko mimi, na hakuwahi kuhitaji kumfanya mtu kipofu. Mimi niliinamisha kichwa nikalia kama mtoto.

Bhoke amesema atarudi jicho la pili likishatibiwa, na atampeleka yeye. Mimi sijaruhusiwa hata kubeba kigoda. Nyumba imekuwa kimya. Asubuhi nikitoka uani hakuna wa kunisubiri ila tanki. Nalisalimia.

Mhariri aliniuliza mzee amepotelea wapi. Nikamjibu, "Amepona."

Akajibu, "Mh."

Ndugu yangu unayesoma hapa, pengine wewe huchori. Pengine unarekodi kwa simu, unawarushia wenzako mama yako anavyohangaika na rimoti, au babu anavyosahau majina. Kabla hujarusha, jiulize kitu kimoja: mtu huyu akipona kesho, nitafurahi au nitakosa cha kuchekesha? Ukisita hata kidogo, weka chini hiyo simu na umshike mkono mzee wako.

Nasikia madaktari wa macho wanarudi tena. Kama una mzee nyumbani, mpeleke. Ila siku watakayofika usiniulize mimi. Nenda kaulize hospitali mwenyewe, maana mimi kwenye jambo hilo siaminiki.