Mama Mkwe, Paka na Mifumo Miwili

Siku hizi watu wanakula sahani moja na wakwe zao, wanataniana, hata picha wanapiga wamekumbatiana. Mama mkwe wangu hayumo katika hayo. Yeye kazaliwa Salale, huko kwenye mikoko, na alivyofundwa ndivyo alivyo mpaka leo: mkwe wa kiume hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno na mimi humwambia paka. Nikiwa sebuleni, yeye jikoni, nasikia: "Paka we, chai imeiva, anayekunywa anywe." Nami nainuka nakunywa.

Nayasema haya mapema, kwa sababu bila kuyajua hutaelewa ilikuwaje mtu mwenye steshenari yake hapa Kibiti, anayejulikana barabara nzima kwa kupiga windo, yaani kuweka mifumo, na kufufua kompyuta za watu, akatolewa jasho na kompyuta moja ya mzee wa karata.

Mzee wa karata ni baba mkwe. Miaka ile alifanya kazi kwenye kivuko cha Ndundu, na daraja lilipokuja akastaafu kwa hasira. Hadi leo akilivuka anafumba macho. Mwanawe wa kiume alimletea kompyuta kutoka Dar, ya mtumba, betri imeshakufa, kwa hiyo inaishi kwa waya. Ukichomoa tu, giza. Mzee anaitumia kwa jambo moja. Kila akitoka kuswali alasiri anakaa kucheza karata na mashine, na akishinda majirani wote wanaambiwa, utadhani kashinda ubunge.

Mke wangu ni mwalimu, kapangiwa Kigoma. Mtoto wetu wa kwanza alikuja kabla ya siku zake, mama yake hajapata hata ruhusa ya kuja kujifungulia kwao kama ilivyo desturi. Nilikwenda, nikampakata mtoto, nikawaacha huko nikarudi kufungua steshenari maana tumbo halingoji. Mama mkwe magoti hayamruhusu safari ya mabasi, na macho yake yameingia ukungu. Nikaleta picha za mtoto kwenye simu, mzee akampelekea jikoni. Mara nikasikia: "Paka we, mjukuu wangu mimi namwona kama punje ya mpunga. Sijui hata kama ana pua." Safari hii hakuwa anatania, na mimi iliniuma sana.

Ndipo nikaahidi, kwa sauti kubwa, nikimkazia macho paka, kwamba siku ya arobaini bibi atamwona mjukuu mubashara kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya mzee, pua, kope na kila kitu. Jikoni mwiko ukaacha kukoroga.

Kuahidi ni rahisi. Mfumo wa kompyuta ile ulikuwa wa kale mno, na programu ya simu za video ikaukataa katakata. Ilibidi kuweka mfumo mpya. Mzee akasema wa zamani haufutwi ng'o, maana karata zake zimo humo na ushindi wake wote umo humo.

"Basi nitaweka wa pili, ubavuni kwa huo wa kwanza," nikamwambia. "Ukiwasha, baba, unachagua unaoutaka."

Mzee akakuna kidevu. "Wawili, nyumba moja?" akauliza. "Na wa kwanza umeshamwambia?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka kwa kishindo, na mzee akaanza kuuliza habari za mvua. Baadaye akanipa sharti jingine, kwamba kompyuta haitoki pale kwenda steshenari kwangu. "Kompyuta ya mtu mzima," akasema, "hailali nje."

Basi kazi ikawa ya pale pale sebuleni, na sebule ile ndiyo njia ya kutoka jikoni kwenda chumbani kwa mama mkwe. Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Yeye akitaka kupita, anagonga sufuria kwa mwiko, nami natoka barazani. Mimi nikitaka kurudi, nakohoa kwa nguvu, napiga hodi, nasubiri kidogo, ndipo naingia na kukuta sebule tupu. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima hata siku moja.

Nikachomeka flashi, nikagawa nafasi kwenye diski, nikabonyeza kuanza. Mstari wa kijani ukawa unatambaa polepole. Ulipokaribia katikati, sufuria ikagongwa. Nikatoka, nikapiga soga na mzee, nikakohoa, nikarudi. Kioo cheusi.

Si ajabu, nikajisemea, mashine ya zamani. Nikaanza upya. Sufuria ikagongwa, nikatoka, nikarudi: cheusi tena. Siku hiyohiyo nikamsikia mama mkwe akisema, "Paka we, mtu akitoka anazima." Nami mkwe mwema nikaenda barazani nikazima redio ya mzee, nikajiona nina adabu kuliko wakwe wote wa Kibiti.

Kesho yake nilikuja na flashi nyingine. Kompyuta ikafa vilevile. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu nikavisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Ikafa ikiwa safi. Nikafungua feni, nikatoa vumbi, pumba za mpunga na mende mmoja aliyeonekana kafa kabla ya betri. Nikabadilisha chaja, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani nikazima hiki na kuwasha kile, na kila nilipoona mstari unakwenda vizuri, sufuria hiyo, nikatoka, nikarudi nikakuta msiba.

Baba mkwe naye alikuwa na elimu yake ya kivuko. "Mzigo hujaupanga, mwanangu," akaniambia. "Lori zito likikaa upande mmoja, pantoni inalala. Huo mfumo mpya usogeze kushoto." Nikamwambia kwenye diski hakuna kushoto. Akanitazama kwa huruma.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kompyuta haikuzimika hata mara moja mbele ya macho yangu. Nikikaa nayo ni nzima. Nikitoka tu, inakata roho. Nilipomweleza mzee, jibu alikuwa nalo. "Inakuheshimu," akasema. "Haiwezi kufa mbele ya mkwe."

Kisha yakaja makubwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu kufika arobaini, na safari hii mstari ulikuwa umefika mwisho kabisa, pale mfumo mpya unapojiandikisha mlangoni ili kompyuta ijue ina wakazi wawili. Sufuria. Nilitoka nikitembea kinyumenyume huku nauangalia mstari. Niliporudi, kioo cheusi, na nilipowasha, si mpya uliofunguka wala si wa zamani. Mstari mmoja tu wa maneno meupe kwenye giza. Mzee akaingia kutoka msikitini, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti chake cha karata.

"Karata zangu?"

"Zipo, baba. Mfumo umepotea mlango tu."

"Mimi nimevusha malori ya saruji, ya mbao, hata lori la mbuzi," akasema taratibu. "Hakuna lililopotea mlango."

Sitaki kujifanya shujaa. Niliogopa. Karata ni karata, lakini bibi alikuwa keshawatangazia majirani, keshapepeta mchele wa vitumbua, na mzee alininong'oneza kwamba kapaka na hina mikononi, eti mjukuu asimwone bibi yake yuko hivihivi. Mwanamke anapaka hina aonekane na mtoto wa siku arobaini, halafu mimi nimwambie paka kwamba imeshindikana?

Nikakumbuka mbinu ya mafundi. Kompyuta ikizimika ghafla, mara nyingi kabla ya kufa inatupa maneno kwenye kioo, na ukiyasoma unajua ugonjwa. Kwa kuwa inafia nyuma yangu, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, kamera ikitazama kioo, nikairuhusu irekodi. Nikaanza kuweka mfumo. Sufuria ikagongwa, nikatoka. Niliporudi kioo kilikuwa cheusi kama kawaida, nikachukua simu nikaenda barazani kwa mzee, tukainamisha vichwa.

Mstari wa kijani ulikuwa unatambaa. Ukasikika mchakacho wa kanga. Kisha ukaingia mkono wenye hina mbichi, sauti ikasema "Bismillahi", na mkono ukachomoa waya kwenye soketi. Kioo kikafa papo hapo. Mkono haukuwa na haraka. Ulipangusa kompyuta vumbi kwa pindo la kanga. "Paka we," sauti ikasema, "huyu baba ana akili nyingi, lakini atatuunguzia nyumba." Halafu kwa mbali nikajisikia mwenyewe nakohoa, nasema hodi. Mkono ukarudi mbio, ukachomeka waya ulivyokuwa, ukausawazisha vizuri asigundue mtu, ukatoweka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka, akataka irudiwe. Mimi nikaigeuza simu kifudifudi: nimempiga video mama mkwe! Nilishukuru Mungu ni mkono tu, nikaifuta hapohapo, mzee akiniomba japo mara moja tena.

Alipomaliza kufuta machozi akaniambia sababu. Kule Salale, mama mkwe akiwa msichana, nyumba ya kwao ya makuti iliteketea yote kwa koroboi moja iliyoachwa peke yake. "Tangu nimemuoa haachi kitu kikiwaka bila mtu," mzee akasema. "Hata mimi nikisinzia na redio, ananizima."

"Basi, baba, mwambie leo asichomoe."

"Mimi?" akashangaa. "Mwanangu, mimi naishi humu."

Nikaingia sebuleni. Paka alikuwa chini ya meza anajilamba. Nikachuchumaa mbele yake, fundi mzima, nikapaza sauti ifike jikoni. "Paka," nikasema, "hii kompyuta haina betri. Waya ukitoka, inakufa, na kazi yote ya kumwona mtoto inaanza upya. Naomba leo uachwe. Moto nautazama mimi."

Jikoni mwiko ukawekwa chini. Kisha: "Paka we, mwambie angesema siku zote." Akaongeza: "Tena mwambie, akitoka, nani anautazama?"

Swali la haki kabisa. Nikaanza tena kuweka mfumo. Sufuria ikagongwa, nikatoka barazani nikatulia kama maji mtungini, na safari hii sikukohoa mpaka niliposikia mlango wa jikoni ukifungwa. Nilipoingia, waya ulikuwa mahali pake. Kando ya meza palikuwa na kigoda, na kando ya kigoda ndoo imejaa mchanga. Mstari ulikuwa umefika mwisho. Nikawasha upya, na kwenye kioo yakatokea majina mawili, moja juu ya jingine, chagua unalotaka. Mzee akachagua la kwanza, akakuta karata zake kama alivyoziacha, akacheza mkono mmoja, akashindwa, akasema mashine imeharibika.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa majirani na vitumbua. Nilifungua mfumo mpya, nikauunganisha na intaneti ya simu yangu, mke wangu akatokea, na mapajani mwake yupo mtoto. Nikageuka kutoka ili bibi aingie. Mzee akasema ataiendesha yeye. Akabonyeza kidole kimoja tu na picha ikatoweka. Nikarudi nikairudisha, nikajibanza ukutani nikitazama dari, kwa kuwa nilikwama kati ya kompyuta na mlango, na mlangoni mama mkwe alikuwa keshasimama.

Hakugonga sufuria. Aliivuta kanga hadi kwenye paji la uso, akapita mbele yangu, akaketi kwenye kigoda chake, akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo. Majirani wakasogea. Akauinua mkono wenye hina akaupitisha taratibu juu ya sura ya mtoto.

"Ana pua," akasema.

Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikaanza kuambaa na ukuta nitoke, nimwachie chumba chake. Hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama mtoto.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "mwambie baba yako akae. Kila akitoka vitu vinazimika."

Nikakaa. Paka alikuwa kizingitini anatutazama, na tangu siku hiyo hajatumwa tena kwangu na neno hata moja.