Matundu Mawili Chini ya Kioo

Sisi tuliokulia Nguvumali, Tanga, kabla ya Uhuru hatukuwa na mengi ya kutazama. Kulikuwa na michezo ya rede na kombolela, kulikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeweza kukuchapa huku amefumba macho, na kulikuwa na gari la Baba. Baba alikuwa dereva wa lori la mkonge. Msimamizi wa shamba aliporudi kwao Ulaya alimwachia gari dogo ambalo kuku walikuwa wakitagia ndani yake kwa miaka. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mama aliuliza kama na kuku wamo.

Baba alitumia mwaka mzima kulifufua. Kila Jumapili alikwangua kutu, na sisi watoto tulikaa pembeni tukila mihogo ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, tukitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Injini ilikubali kuwaka. Breki zilikubali baada ya kubembelezwa. Kilichobaki ni kuvuja. Ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva ulikuwa wa vipande vilivyoungwa, na kila penye kiungo maji yalipita. Mvua ikinyesha, Baba aliendesha akiwa amevua viatu.

Dada yangu Mwanahawa alikuwa ameposwa Muheza, kwa watu wenye asili ya Omani waliofanya biashara ya machungwa na waliokuwa na gari jipya. Baba mkwe wake mtarajiwa alikuja kwetu, akanywa kahawa, akalizunguka gari letu mara moja, kisha akasema kwa upole kwamba atatuma lake lije kumchukua bibi harusi, maana ni msimu wa mvua. Upole ule ndio uliomuuma Baba.

"Mwanangu atakuja kwako katika gari la baba yake," alisema, "na atafika mkavu. Tone moja likimgusa, wallahi nitarudi Tanga kwa miguu."

Ni maili zaidi ya ishirini. Goti la kushoto la Baba liliumia siku lori lilipopinduka, na hata kwenda msikitini alipumzika njiani mara mbili. Lakini tulimjua: akishaapa, angetembea. Mama aliingia ndani asitoke mpaka jioni.

Duka la Mhindi lilikuwa na kopo moja la dawa ya kuzibia bati. Lilipofunguliwa, dawa ilikuwa imeganda ikawa jiwe. Basi Baba akamwita mdogo wake, Ami Bakari, kutoka Kigombe. Ami alikuwa fundi wa kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake. Hakuwahi kuziba gari, wala hakuona tofauti yoyote.

Alifanya kazi kama alivyofundishwa na babu. Alisugua viungo vyote kwa brashi ya waya, akavifuta kwa mafuta ya taa, akasokota pamba iliyoloweshwa mafuta ya nazi na kuishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu. Juu yake akapaka deheni, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta ya papa. Kwenye kona vidole vyake havikuingia, kwa hiyo kona zilikuwa zangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona fundi mkuu.

Chini ya kioo cha mbele kulikuwa na mfereji wa bati, na nyuma yake kidirisha cha kuingizia hewa. Kila mwisho wa mfereji palikuwa na tundu la duara, safi, lisilo na kutu hata kidogo.

"Ami, na haya?"

Ami alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, tundu ni tundu. Maji hayachagui."

Nikayaziba yote mawili, nikayagandamiza kwa kidole gumba. Baba alikuwa kazini.

Aliporudi tulilimwagia gari ndoo nzima, na ndani halikuingia tone. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Harufu ilikuwa ya papa aliyekufa zamani, na paka wote wa mtaa walihamia kwetu. Shangazi, dada yake Baba, akasema hilo si neno, yeye atakaa mbele na chetezo cha udi.

Siku ya harusi mvua ilitukuta Pongwe. Baba alipiga mluzi, miguu mikavu. Karibu na Muheza tukaanza kupanda kilima, pua ya gari ikainuka. Maji yote ya Pongwe, yaliyojaa mferejini bila pa kutokea, yakarudi nyuma mfululizo, yakapita kwenye kidirisha cha hewa, yakazima udi, yakamlowesha Shangazi toka kifuani mpaka magotini. Shangazi alisema neno ambalo sikulisikia tena mpaka nilipoolewa. Kisha maji yakapita chini ya viti, yakaja nyuma tulikokaa mimi na bibi harusi.

"Mwanahawa amelowa?" Baba aliuliza bila kugeuka. Sauti yake sikuipenda.

Kwa mila, bibi harusi siku ile hasemi. Dada alinifinya paja. Nilitazama chini, maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo, juu ya hina.

"Mkavu, Baba."

"Na wewe, dada?"

"Mimi sikutajwa kwenye kiapo," alisema Shangazi, akikamua leso. "Endesha."

Tulipofika, wanawake wa Muheza walimzungushia Mwanahawa leso, akashuka. Barazani baba mkwe wake alimuuliza kama amefika mkavu, naye akatikisa kichwa kukubali. Nyuma yake, kwenye sakafu, kulikuwa na nyayo mbili za maji. Mkwe aliziona. Akasogea, akasimama juu yazo, akamkaribisha Baba kahawa.

Baba alirudi Tanga akiendesha, na akafariki miaka mingi baadaye akiamini kwamba Ami Bakari ndiye fundi bora wa magari pwani nzima.

Siku hizi mjukuu wangu anafufua gari kuukuu uani kwangu. Anavaa glavu na kupaka gundi ya tyubu isiyonuka kitu, na kabla ya kila kiungo anaiuliza simu. Juzi alinionyesha matundu mawili chini ya kioo. "Haya hayazibwi, Bibi. Ni ya kutolea maji." Nikamwambia nimesikia.

Anaziba vizuri kuliko sisi, sina ubishi. Ila wiki iliyopita alimpakia mchumba wake, mvua ikanyesha, tone moja likamdondokea binti begani. Kabla hawajafika nyumbani, picha ya bega ilikuwa imeshafika Dar es Salaam, nao wananuniana mpaka leo. Mimi nilimkumbuka Mwanahawa, Mungu amrehemu, miguu majini, kimya, akinifinya paja ili baba yetu asitembee.