Tangazo Lisilo na Mhuri

Sulaiti hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka alikuwa mtangazaji mdogo tu, akakimbilia Kongo na redio yake ya betri. Huko wakimbizi wakasikia redioni tangazo la msiba: mzee mmoja wa kijiji cha Pajulu amefariki, wanawe waje haraka. Binamu yake Pitia, mtoto wa yule mzee, akavuka mpaka kwenda kuzika. Hakukuta maiti, alikuta askari. Hakurudi tena.

Basi Sulaiti aliporejea na kupanda cheo kidogo kidogo, hata mwaka 1991 akawa meneja wa redio ya serikali pale Arua, amri yake ya kwanza ilikuwa hiyo: tangazo la kifo lisisomwe bila mhuri wa chifu. Watu wakanung'unika, eti siku hizi hata kufa ni kwa ruhusa! Hakujali. Ndugu zake nao aliwakataza kumfuata Arua, maana huwezi kujua nani anakuangalia.

Ijumaa moja asubuhi Jale, dereva wa lori la tumbaku, akaleta karatasi ya tangazo kutoka Koboko, kwao Sulaiti, isomwe redioni. Hajara amefariki, atazikwa leo alasiri, mwanawe Sulaiti wa redio aje haraka. Hajara ni mama yake mzazi.

Moyo ulimpasuka, kisha shaka ikamshika. Juzi tu mama alimtumia unga wa muhogo na salamu kwamba ni mzima. Mhuri hakuna, mwandiko haujui, na jina lake limewekwa wazi namna ile! Akamhoji Jale, nani kakupa? Mwanamke fulani sokoni, jina hakuuliza. Aa, mimi si Pitia, Sulaiti akajiambia. Akaifungia karatasi kwenye droo, akamtuma mtu Koboko achunguze. Maskini, ujanja wake ulimzidi.

Yule mtu alirudi kesho yake, akashindwa kumtazama usoni.

Jioni hiyo Sulaiti akafika Koboko. Dada yake Sitti alikuwa mkekani, redio iko kando. Yeye ndiye aliyempa Jale karatasi, iliyoandikwa na jirani. Chifu alikuwa safarini. Watu walitaka kuzika alasiri, Sitti akawazuia.

"Nilisema ngojeni, Sulaiti iko pale, redio itasema jina ya mama sasa hivi," akamwambia. "Tulingoja mpaka jua ikazama. Ilisema bei ya tumbaku."